Sura ya Saba: Kuuliza Mwili Kabla ya Kufunga Mtambo

Tarehe 25 Januari 1979, katika kiwanda cha Ford cha kumimina vyuma huko Flat Rock, Michigan, nchini Marekani, kijana wa miaka 25 aitwaye Robert Williams alipanda kwenye rafu za stoo kuchukua vipuri. Kwa kawaida kazi hiyo ilikuwa ya mtambo: gari la kujiendesha lenye mkono, uzito wake kama tani moja, lililopita katikati ya rafu likichukua vyuma na kuvipeleka vinakotakiwa. Siku hiyo hesabu za mtambo hazikuwa zikilingana na mali iliyokuwapo, ndiyo maana Williams akapanda mwenyewe. Mtambo haukuzimwa. Ulimjia kwa nyuma, ukampiga kichwani, akafa papo hapo. Ilipita kama nusu saa kabla mwili wake haujaonekana, na muda wote huo mtambo ulikuwa ukiendelea na kazi yake.

Familia ilishtaki, na mwaka 1983 mahakama ikaamua walipwe dola milioni 10. Hoja iliyobeba kesi haikuhitaji mhandisi kuielewa: hapakuwa na ulinzi wa kutosha, hata mlio wa kumjulisha mtu kwamba mkono unakuja. Mwaka 1981 fundi Kenji Urada naye alikufa katika kiwanda cha Kawasaki huko Akashi, Japani, baada ya kuingia kwenye eneo la roboti iliyokuwa na hitilafu bila kuizima kabisa.

Vifo vya namna hii ndivyo vilivyotia nguvu utaratibu wa uzio. Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, ikichomoa vyuma vya moto kutoka kwenye mashine ya kumiminia. Kwa miongo iliyofuata, kanuni ya usalama ilikuwa moja na kila mfanyakazi aliielewa: roboti ndani, mtu nje. Ukifungua lango la uzio, mtambo unasimama. Mtu na chuma hawakutani, basi hawagongani.

Uzio ulikuwa na gharama zake. Unakula nafasi, na unagawa kazi ambazo zingekwenda vizuri kwa mikono miwili ya aina tofauti. Kuna kazi ambazo roboti inazimudu kuliko mtu, kama kunyanyua mzigo ule ule mara elfu bila kuchoka, na kuna zile ambazo mtu bado hana mpinzani, kama kuingiza waya laini mahali pasipoonekana kwa kupapasa. Mwaka 1996 maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Northwestern, J. Edward Colgate na Michael Peshkin, walibuni mashine iliyokusudiwa kufanya kazi pamoja na mtu, ikishika kitu kimoja naye. Mwaka 2008 kampuni changa ya Universal Robots kutoka Odense, Denmark, iliuza mkono wake wa kwanza, mwepesi kiasi cha kufungwa juu ya meza ya kazi. Uzio ukaanza kushuka. Hadi mwisho wa mwaka 2023 viwanda duniani vilikuwa na zaidi ya roboti 4,000,000 zinazofanya kazi. Nyingi bado ziko nyuma ya uzio, lakini zile zinazosimama bega kwa bega na watu zinaongezeka.

Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa waraka wa kiufundi uitwao ISO/TS 15066, unaosema roboti ya namna hiyo iruhusiwe kufanya nini karibu na mtu. Ndani yake mna jedwali ambalo kila ninapolisoma linanigusa. Linagawa mwili wa binadamu sehemu 29, na kwa kila sehemu linaonyesha kiwango cha mgandamizo ambacho mtu anaweza kukivumilia kabla ya kusikia maumivu. Takwimu hizo zilitokana na watu wazima 100 wenye afya njema waliopimwa katika Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani. Walibonyezwa kidogo kidogo hadi kila mmoja aseme hapo, sasa inauma. Uso umewekwa kando: roboti hairuhusiwi kuugusa.

Viwango vingine vinahesabu umbali. Mtu anayetembea kiwandani huchukuliwa kuwa anakwenda mita 1.6 kwa sekunde. Kama vihisi vya roboti na breki zake vinahitaji nusu sekunde kumwona mtu na kusimamisha mkono, mtu huyo ameshasogea sentimita 80. Hizo sentimita 80, pamoja na umbali ambao mkono wenyewe unasogea kabla haujatulia, lazima ziwe zimehesabiwa mapema, la sivyo breki zitashika baada ya mtu kugongwa.

Hesabu hizi zimeokoa watu na zitaokoa wengine. Lakini zinamchukulia mtu kama kitu chenye mwendo na ngozi tu. Hazisemi lolote juu ya kinachompata mfanyakazi wa zamu ya usiku, saa ya saba kazini, mkono wa chuma unapopita karibu na sikio lake kwa mara ya mia nne. Huenda akashtuka akarudi nyuma na kujigonga kwenye mashine nyingine. Huenda akakaza mabega bila kujijua, siku baada ya siku, hadi shingo imuume. Na huenda, hili ndilo linalonitisha zaidi, akaizoea roboti hata asiitazame tena, akapitisha mkono mahali ambapo jana palikuwa salama na leo programu imebadilishwa.

Utawezaje kuyachunguza mambo hayo? Njia ya moja kwa moja ni kumsimamisha mtu mbele ya mkono wa chuma unaokwenda kasi kamili na kuona atafanya nini. Hakuna kamati ya maadili ya utafiti itakayokubali hilo, na haipaswi kukubali. Njia ya pili ni kusubiri ajali na kuichunguza baada ya mazishi. Ya tatu ni kumpa mtu dodoso na kumuuliza angejisikiaje, naye atajibu kwa uaminifu kabisa jambo asilolijua, kwa kuwa hajawahi kusimama hapo. Ndipo uhalisia pepe, yaani ulimwengu wa kompyuta unaoonekana kupitia miwani maalumu, ulipoingia katika utafiti wa kazi.

Kifaa chenyewe kina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1968 Ivan Sutherland na wanafunzi wake nchini Marekani walitengeneza kitu cha kuvaa kichwani chenye skrini mbili ndogo, kizito kiasi kwamba ilibidi kining'inizwe kutoka darini. Mtu alipogeuza kichwa, michoro ya mistari iliyoonekana mbele yake iligeuka pia. Kwa miaka mingi teknolojia hiyo ilibaki kwenye maabara za matajiri na majeshi. Kilichoifikisha mikononi mwa watafiti wa kawaida ni michezo ya kompyuta: mwaka 2016 miwani ya Oculus Rift na HTC Vive iliingia sokoni, ikionyesha picha 90 kwa sekunde kwa kila jicho, kwa bei ambayo idara ya chuo ingeweza kuimudu. Tangu hapo, mtafiti wa usalama kazini anajenga kiwanda kizima kwa programu zile zile wanazotumia watengeneza michezo.

Jambo la msingi ni kama mwili unaamini. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, akiwamo Frederick Brooks, walichapisha jaribio lililokuja kuwa maarufu katika fani hii. Washiriki walivaa miwani na kujikuta ndani ya chumba ambacho sakafu yake ina shimo refu katikati, na chini ya shimo kunaonekana chumba kingine chenye samani. Kila mshiriki alijua kwamba amesimama kwenye sakafu ya maabara. Alikuwa ameingia hapo kwa miguu yake. Hata hivyo mapigo ya moyo yalipanda ukingoni mwa shimo. Watafiti walipoweka ubao halisi wa mbao chini ya miguu, mwinuko wa sentimita zisizozidi nne, ili vidole vihisi ukingo ule macho yanaouona, moyo ulikwenda mbio zaidi.

Mel Slater, mtafiti aliyefanya kazi London na Barcelona, alilieleza jambo hili vizuri mwaka 2009. Alitenganisha hali mbili: mtu kuhisi kwamba yupo mahali fulani, na mtu kuhisi kwamba yanayotokea mahali hapo yanatokea kweli. Miwani nzuri inaleta ya kwanza. Ya pili inategemea kama ulimwengu ule unakujibu: ukisogea, roboti inakuona, ukiangusha chombo, kinalia. Zikikutana hizo mbili, mtu hutenda kama ambavyo angetenda katika hali halisi, ingawa akili yake inajua fika kwamba hakuna kitu.

Majaribio ya namna hii kwa kawaida huenda hivi. Mshiriki anafika maabara, anaelezwa, anatia saini ya kukubali. Anabandikwa vihisi viwili vidogo kwenye vidole vya mkono mmoja kupima jasho la ngozi, ambalo hubadilika mtu anaposhtuka hata kama uso wake umetulia, na kingine cha mapigo ya moyo. Anakaa kimya dakika chache ili ipatikane hali yake ya kawaida, kwa kuwa moyo wa mtu hauwezi kulinganishwa na wa jirani yake, hulinganishwa na wenyewe. Kisha anavaa miwani. Mbele yake kuna meza, upande wa pili wa meza kuna mkono wa roboti, na kuna kazi ya kufanya: chukua kipande, kiweke mahali pake, subiri roboti ilete kingine. Kazi hiyo ni muhimu. Mtu aliyesimama bure ataikodolea macho roboti, na kiwandani hakuna mtu mwenye nafasi ya kuikodolea macho roboti.

Mizunguko ya kwanza hupita salama, mikono inazoea. Kisha mtafiti anabadilisha jambo moja tu. Mkono wa roboti unakuja kwa kasi maradufu, au unapita kushoto badala ya kulia, au unasimama kidogo njiani bila sababu. Mstari wa jasho kwenye skrini ya mtafiti unaruka. Kiganja cha mshiriki, kilichokuwa nusu ya njia kuelekea kwenye kipande, kinasita kisha kinarudi kifuani. Kamera zinazofuata macho zinaonyesha kwamba kabla ya hapo alikuwa ameacha kuitazama roboti. Baadaye ukimuuliza, huenda akakwambia hakuogopa, na hadanganyi, ndivyo anavyokumbuka. Kwa sababu hiyo watafiti hawakai na dodoso peke yake wala vihisi peke yake, wanavisoma pamoja.

Katika Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Ufundi cha Athens, Elias Matsas na George-Christopher Vosniakos walijenga mazingira ya namna hii kwa kazi halisi ya viwanda vya ndege: kutandaza vitambaa vya nyuzi za kaboni ndani ya kalibu ya chuma, tabaka juu ya tabaka. Roboti inaleta kitambaa, mfanyakazi anakipokea na kukitandaza kwa mikono. Ni kazi iliyochaguliwa kwa busara, kwa kuwa haiwezi kufanywa na mmoja akiwa mbali na mwenzake. Mfumo wao, waliouchapisha mwaka 2017 kama chombo cha mafunzo, ulimpa mtumiaji ishara za kuona na kusikia kila alipokaribia eneo la hatari. Kile kilichokosekana Flat Rock, mlio wa onyo, hapa kingeweza kujaribiwa kwa namna nyingi, uonekane upi unamsaidia mtu na upi unamchanganya, na hakuna aliyeumia katika kujifunza hayo.

Nchini Uingereza, John Oyekan na wenzake waliuliza swali jingine katika utafiti uliotoka mwaka 2019: mtu hupokeaje mwendo wa roboti anaoweza kuutabiri, na hupokeaje ule asioweza? Huko Japani, Tamio Arai na wenzake walikuwa wameshaonyesha mwaka 2010, kwa kupima miili ya watu wanaounganisha vipande karibu na roboti, kwamba kasi na ukaribu wa mkono vinapandisha mkazo. Lakini kasi na umbali havimalizi hadithi. Mwaka 2013 Anca Dragan, Kenton Lee na Siddhartha Srinivasa wa Carnegie Mellon walitofautisha mwendo unaotabirika na mwendo unaosomeka. Fikiria chupa mbili mezani, zimekaribiana. Mkono unaokwenda kwa njia fupi iliyonyooka kuelekea chupa ya kulia umefanya ulichotarajia, ikiwa unajua tangu mwanzo kwamba roboti inaitaka ya kulia. Usipojua, utabaki unabahatisha hadi dakika ya mwisho. Mkono unaopinda mapema kuelekea kulia, hata kwa njia ndefu kidogo, umekwambia nia yake mapema, na wewe unaweza kushika ya kushoto bila kusita.

Mimi naona hapo ndipo uhalisia pepe unapolipa gharama zake zote. Mhandisi anayetaka mkono ufike haraka atachagua njia fupi, na kwenye karatasi atakuwa sahihi. Mkono ule ule mbele ya binadamu unaweza kuchelewesha kazi, kwa kuwa mwenzake anasubiri kila mara aone unaelekea wapi. Ndani ya miwani unaweza kujaribu njia nyingi kwa siku moja, kwa mtu mmoja, bila kufungua boliti hata moja. Unaweza kubadilisha urefu wa roboti, rangi yake, sauti ya mota zake, na mahali pa taa. Kwa roboti halisi, kila badiliko la namna hiyo ni mafundi na fedha, na mara nyingi haliwezekani kabisa kwa sababu roboti imeshanunuliwa.

Sasa niseme upande ambao wauzaji wa miwani hawapendi kuusema.

Kwanza, miwani hupotosha umbali. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba watu waliokuwa ndani ya ulimwengu pepe walikadiria umbali kuwa wastani wa asilimia 74 tu ya ule uliokusudiwa. Kitu kilichowekwa mita mbili huonekana kana kwamba kiko kama mita moja na nusu. Vifaa vya karibuni vimepunguza kosa hilo, lakini katika fani ambayo sentimita 80 ni tofauti kati ya kupona na kugongwa, huwezi kulifumbia macho. Mwaka 2019 watafiti wakiwamo Rui Li na Iolanda Leite wa taasisi ya KTH, Stockholm, waliweka watu mbele ya roboti halisi na mbele ya roboti pepe, wakalinganisha. Watu walikubali kukaa karibu zaidi na ile halisi. Ile ya kwenye miwani iliwasumbua zaidi. Ukichukua umbali uliopatikana ndani ya miwani na kuupeleka kiwandani kama ulivyo, utakosea.

Pili, miwani haina mguso. Mkono wa roboti pepe ukikupiga begani, unapita kama kivuli. Mshiriki akigundua hilo mara moja, mwili unaanza kupunguza hofu, na kile Slater alichokieleza, kuhisi kwamba mambo yanatokea kweli, kinayeyuka. Ndiyo maana jedwali lile la sehemu 29 lisingeweza kutokana na miwani. Ilibidi watu halisi wabonyezwe. Na wapo washiriki wanaopata kizunguzungu na kichefuchefu baada ya dakika chache. Vipimo vya moyo na jasho vya mtu anayetaka kutapika haviwezi kukwambia lolote la maana kuhusu roboti.

La tatu ni zito kuliko hayo. Mwaka 2016 Paul Robinette, Ayanna Howard, Alan Wagner na wenzao katika taasisi ya Georgia Tech, Marekani, walifanya jaribio katika jengo halisi. Roboti iliwaongoza watu hadi kwenye chumba cha mkutano. Kwa nusu yao iliongoza vibaya, ikawazungusha na kuwapotosha. Wakiwa chumbani mlango umefungwa, moshi wa bandia ukajazwa kwenye ujia na king'ora cha moto kikalia. Walipofungua mlango wakaikuta roboti ile ile, ikiwaelekeza mahali pasipokuwa mlango waliouingilia. Washiriki wote 26 waliifuata, hata wale walioiona ikikosea dakika chache kabla.

Watafiti hao hao walikuwa wamefanya majaribio ya awali kwa kuiga hali hiyo kwenye kompyuta, na huko watu waliacha kuiamini roboti iliyokwisha kukosea. Mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama skrini alikuwa mwerevu. Aliyesimama kwenye moshi aliifuata. Jaribio lile la awali halikuwa la miwani ya kuvaa kichwani, kwa hiyo si haki kuihukumu miwani kwa kosa la skrini. Hata hivyo funzo lake linahusu kila anayeiga hatari kwa kompyuta: imani ya mtu kwa mashine hubadilika anapokuwa na jambo la kupoteza, na ulimwengu pepe, hata uwe mzuri namna gani, hauna cha kumpotezea mtu.

Kwa hiyo kazi ninayoiheshimu zaidi katika fani hii ni ile isiyong'aa: kufanya jaribio moja mara mbili, ndani ya miwani na mbele ya chuma. Mwaka 2014 Vincent Weistroffer, Alexis Paljic na wenzao wa Mines ParisTech nchini Ufaransa walifanya hivyo kwa hali za mstari wa kuunganisha magari, wakipima watu kwa maswali na kwa vihisi vya mwili pande zote mbili. Ni kazi ya kuchosha na haitoi picha za kupendeza magazetini. Lakini bila ya hiyo, mtafiti hajui ni matokeo yapi ya miwani anayoweza kuyaamini na yapi ayasahihishe. Natamani kila kiwanda kinachotaka kupanga kazi za watu kwa kutumia miwani kidai kwanza kuonyeshwa ulinganisho wa namna hiyo.

Swali linalofuata ni nani anayevalishwa miwani. Sehemu kubwa ya majaribio haya hufanyika vyuoni, na washiriki wake ni wanafunzi: vijana, wengi wamezoea michezo ya kompyuta, wamelala vya kutosha au angalau wanaweza kuondoka wakichoka. Mfanyakazi wa miaka 52 ambaye magoti yanamuuma, anayejua mashine yake kwa sauti, hayumo. Muuguzi hayumo. Na wauguzi wameshaanza kukutana na roboti, hata huku kwetu. Mei 2020, wakati wa janga la Uviko-19, Rwanda ilipokea roboti tano kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, zikapewa majina ya Kinyarwanda, Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri, na kituo cha matibabu cha Kanyinya jijini Kigali kikawa miongoni mwa vilivyozitumia. Zilipima joto la mwili na kupunguza mara ambazo mhudumu alilazimika kumkaribia mgonjwa. Jinsi mhudumu anavyopishana na mashine kwenye ujia mwembamba wa wodi, akiwa amevaa mavazi ya kujikinga yanayoziba macho na masikio, ni swali la utafiti lenye uzito sawa na la kiwanda cha magari cha Ulaya. Miwani na kompyuta moja vinatosha kuanza kulichunguza. Vyuo vyetu vya ufundi na uuguzi haviwezi kusema gharama ndiyo kikwazo pekee.

Tena kuna jambo la kumbukumbu zinazobaki. Miwani haionyeshi tu, inaandika. Kila mara unapogeuza kichwa, urefu wa mkono wako, namna unavyosita, vyote vinahifadhiwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba kwa kumbukumbu za mwendo zisizofika dakika tano, programu iliweza kumtambua mtu mmoja kati ya 511 kwa usahihi wa asilimia 95, bila jina wala sura. Yaani kuficha majina ya washiriki, njia ambayo watafiti wameitegemea miaka yote, hapa haitoshi. Ukiongeza jasho la ngozi na mapigo ya moyo, umepata faili linaloonyesha nani anaogopa, nani anachelewa kuitikia, nani mikono imeanza kutetemeka. Mikononi mwa mtafiti, taarifa hizo zinasaidia kuirekebisha roboti. Mikononi mwa mwajiri anayetaka kupunguza watu, zinaweza kumchagua wa kuachishwa.

Msimamo wangu ni huu: matokeo ya miwani yatumike kuibadilisha roboti, kamwe yasitumike kumpima mtu. Mkono ukimshtua mfanyakazi, punguza kasi ya mkono, pindisha njia yake, sogeza meza. Kiwanda kinachomwondoa mfanyakazi aliyeshtuka na kuleta mwingine asiyeshtuka kimeshindwa kusoma jibu kililopewa, na pengine kimemweka mahali pa hatari mtu ambaye haioni hatari.

Ukiambiwa kazini kwako uvae miwani hiyo ili roboti mpya ipangwe, nenda, maana sauti ya mwili wako inahitajika kwenye mpango huo kuliko ya mtu yeyote wa ofisini. Lakini kabla ya kutia saini, uliza kwa maandishi: kumbukumbu za mwili wangu zitakaa wapi, nani atazisoma, na zitafutwa lini. Ukiwa na chama cha wafanyakazi, mpeleke mwakilishi aulize pamoja nawe. Na mtambo ukishafungwa, dai upimwe tena ukiwa mbele ya mkono wa chuma wenyewe.